Fuma Kwanza, Kichwa Baadaye

Kosa kubwa la mtu anayejifunza kufuma kofia nyumbani halimo vidoleni, limo mdomoni. Hajaanza hata kitanzi cha kwanza, tayari ametangaza: hii ni ya baba watoto, ataivaa akienda steji ya bodaboda alfajiri, au ni ya mtoto wa wifi, anayetarajiwa mwezi ujao. Ukoo mzima, kuanzia Ttula hadi Mpererwe, una habari. Tangu hapo kofia ina mwenyewe, ina tarehe, na ina watu wanaoiulizia kila Jumapili baada ya ibada, ilhali bado ni donge la uzi ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Ninachodai ni kwamba kofia ya kwanza isitajiwe kichwa. Ifumwe, imalizike, ndipo mfumaji atoke nje kutafuta kichwa kitakachoitosha. Huku Kawempe, Kampala, vichwa havijawahi kuadimika.

Sina haja ya kumsimanga mtu ili nithibitishe hilo, hesabu inatosha. Chukua kofia ya kawaida kabisa, ya vitanzi 88, idadi inayopendwa kwa sababu inagawanyika kwa nane na hilo husaidia wakati wa kupunguza vitanzi utosini. Mwenye mkono wa wastani, anayepata vitanzi 20 katika kila sentimita 10, atatoa kofia yenye mzunguko wa sentimita 44. Mwenye mkono uliolegea, anayepata 16 tu, atafikisha 55. Yule anayekaza, pengine kwa sababu umeme umekatika na anafuma kwa tochi ya simu, atapata 22, na kofia yake itaishia sentimita 40. Kofia ya kufuma huvutika, ndiyo maana hufanywa ndogo kuliko kichwa kwa sentimita tatu hadi tano. Kwa hiyo vitanzi vilevile 88, vya uzi uleule, vinaweza kumtosha mtoto anayeanza kukaa au mwanamume mzima mwenye kichwa cha haja. Kati ya wavaaji hao kuna miaka thelathini, na iliyowatenganisha ni hali ya moyo ya mfumaji. Aliyeahidi kichwa fulani kabla ya kujua mkono wake ulivyo ameuza shamba ambalo hajalipima.

Halafu kuna suala la sindano. Wengi katika Afrika Mashariki wamejifunzia kufuma kwenye spoku za baiskeli, zilizokatwa kichwa na kusuguliwa kwenye saruji hadi ncha ikae sawa. Spoku haipindiki ovyo, haivunjiki, na haigharimu kitu ikiwa fundi baiskeli mnafahamiana. Lakini unene wake ni milimita mbili hivi, na uzi mnene wa akriliki, ule wa masweta na mizula, unataka sindano za milimita nne au tano. Anayeulazimisha uzi huo kwenye spoku anapata kitambaa kigumu ajabu; kofia ikiisha inasimama mezani yenyewe kama sufuria. Najua utetezi: mabibi zetu walifuma kwa spoku wakatoa vitambaa vya meza vya kupendeza. Kweli kabisa, ila kwa uzi mwembamba na kwa mikono iliyokuwa kazini miaka arobaini.

Vitanzi navyo vina tabia ya kuzaliana. Mwanzoni mwa safu, uzi ukirushwa nyuma kwa kupitia juu ya sindano, kitanzi cha kwanza huvutwa na kuonyesha miguu miwili. Mgeni wa kazi hii anaviona vitanzi viwili, anavifuma vyote kwa heshima, na 88 zinakuwa 89. Kofia inapofika upana wa kiganja, vitanzi vimekaribia mia na umbo limeanza kupanuka kuelekea juu. Yeye hana habari, kwa kuwa alihesabu siku ya kwanza tu, siku ya matumaini. Upande mwingine vipo vinavyochopoka na kuteremka safu kwa safu, vikiacha mwanya unaopitisha kidole. Mwenye bahati hupoteza vingi sawasawa na alivyoongeza, hesabu ikalingana mwishoni, akaamini kwamba anajua. Ukingo nao, usipofumwa kwa kupishanisha vitanzi vya mbele na vya nyuma, hujikunja wenyewe kuelekea juu, kofia ikapungua vidole viwili na masikio yakabaki nje. Haya hayamtokei mzembe peke yake. Ndiyo mafunzo yenyewe, na kila mwanafunzi atayapitia.

Wajuzi watanijibu kwamba dawa inajulikana: fuma kwanza kipande cha majaribio, sentimita 10 kwa 10, hesabu vitanzi vyake, kisha pima kichwa kwa futi kamba. Ushauri ni sahihi, na humfaa sana mtu ambaye tayari anajua kufuma. Mkono wa anayejifunza haujatulia. Kipande cha majaribio hufumwa na mtu mwenye hofu, anayekaza kila kitanzi. Akifika safu ya kumi na tano ya kofia amezoea, uzi umelegea. Safu ya thelathini ametekwa na tamthilia kwenye runinga na vidole vinajiendea. Kipimo kilichotolewa na mtu wa kwanza hakiwezi kumfunga yule wa tatu, hata kama wote watatu wanalala kitanda kimoja na kujibu jina moja. Kwake kofia yenyewe ndiyo kipande cha majaribio, isipokuwa hiki kina tundu la kuingizia kichwa.

Mtu wa pwani anaweza kuuliza mbona washonaji wa kofia za mkono wa Lamu na Unguja huanza na kichwa na hawapotei. Kofia zile hushonwa kwa kitambaa kilichokatwa, duara la juu na ukanda wa pembeni, kisha hutariziwa. Hazivutiki, na sentimita moja ikikosewa hazivaliki. Lazima kipimo kitangulie. Tena kitambaa kimekuja tayari kutoka dukani, hakibadiliki kwa kuwa mshonaji amegombana na mwenye nyumba juu ya kodi. Anayefuma anatengeneza kitambaa na kofia kwa wakati mmoja, ndiyo maana magomvi yake yote ya wiki yamo ndani.

Kisha wapo wanaopinga kofia yenyewe. Kampala iko jirani na ikweta, wanasema, mzula wa nini? Hawa hawajapita Kalerwe saa kumi na moja alfajiri. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ikiwa mvua imenyesha usiku na Bwaise imejaa maji, mwendesha bodaboda anayeteremka Barabara ya Bombo hahitaji kufundishwa jiografia. Mlinzi wa usiku huuvuta mzula hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyewalazimisha. Uingereza, nchi ya baridi, ilibidi itunge sheria: mwaka 1571 Bunge liliamuru kila mwenye zaidi ya miaka sita, isipokuwa wakubwa na baadhi ya wanawake, avae kofia ya sufu iliyofumwa kila Jumapili na sikukuu, la sivyo alipe faini, ili mafundi kofia wasikose riziki. Watu wakaipuuza, na mwaka 1597 ikafutwa. Huku kwetu watu wanaivaa kwa hiari, tena wananunua. Nakubali kwamba saa nane mchana mzula ni adhabu, lakini siku haina saa nane peke yake.

Ushahidi wangu mzito zaidi uko wodini. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Kawempe inajulikana kwanza kwa uzazi, na katika mfuko ambao mama huandaa kwa ajili ya kujifungua, kofia ya mtoto haikosekani. Hilo si pambo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, kwa hiyo joto linalopotelea hapo ni jingi, tofauti na mtu mzima ambaye ile hadithi ya nusu ya joto kutokea kichwani haimhusu. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria, huko Bogotá nchini Colombia, alianzisha utaratibu wa kumlaza mtoto njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na leo unatumika duniani kote. Mtoto huwa na nepi, soksi na kofia, basi. Sasa tazama vipimo. Aliyetimiza miezi ana kichwa cha sentimita 34 au 35. Njiti wa kilo moja na nusu anacho cha sentimita 28 hivi. Ina maana kofia iliyokusudiwa mume, ikatoka imenywea kuliko hata ile ya sentimita 40, hadi mfumaji akataka kuificha chini ya godoro, ina mwenyewe halali kabisa, mradi iwe laini, ifuliwe vizuri, na isiwe na kifungo wala uzi unaoning'inia. (Mtoto mwenye afya anayelala ndani ya chumba chenye joto mchana hahitaji kofia hiyo. Jjajja, bibi yake, hatakubali, na sitaki kuwa karibu wakati anaelezwa.)

Bei nisiizungumzie sana, kwani hapo nitashindwa. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, limejaa mizula ya mitumba iliyofumwa kwa mashine, yenye ukingo ulionyooka, na kwa kawaida ni rahisi kuliko uzi mpya wa kufumia. Anayefuma ili abane matumizi amekosea mlango. Ila hilo linaipa nguvu hoja yangu. Kama kofia maalumu kwa kichwa maalumu inapatikana Owino asubuhi moja, hakuna sababu ya kumtwika mwanafunzi kazi hiyo. Yeye aachiwe kufuma kitu ambacho bado hakina mdai.

Inabaki kofia isiyomtosha mtu yeyote: pana ukingoni, nyembamba katikati, na utosi uliofungwa kwa kamba kwa sababu mfumaji alichoka kupunguza vitanzi. Hii ifumuliwe bila msiba. Aanzie utosini, pale alipomalizia, maana uzi wa kufuma huachia kwa ulaini kutoka mwisho. Anayevuta ukingo wa mwanzo atakwama kila kitanzi. Uzi auzungushe kwenye mgongo wa kiti, aulowanishe, auning'inize na kitu kizito chini yake hadi ukauke, mikunjo ipungue, kisha aanze tena na vitanzi 88, safari hii akivihesabu kila baada ya safu chache. Akriliki ya wastani huvumilia kufumuliwa mara mbili tatu kabla haijaanza kutoa manyoya, na kofia ya tatu kwa kawaida huwa na pande mbili zinazokaribia kulingana.