Mgeni Hana Adabu

Mzungu mmoja kapiga picha Jangwani wakati wa masika, maji yakiwa kwenye madirisha ya daladala, halafu kaandika eti Dar es Salaam inafurika. Tumemkomesha! Tumemwambia Mlima Kilimanjaro una mita 5,895. Kwao kuna nini? Alipouliza mlima unahusianaje na mtaro, tukamwongezea Serengeti. Jirani yangu, aliyekuwa kapandisha godoro juu ya kabati na kuku juu ya godoro, ndiye aliyemshambulia kwa uchungu kuliko sote. Mafuriko hayo sisi tunayalaani kila mwaka, tena kwa maneno mazito zaidi, lakini sisi tuna vitambulisho vya taifa. Haya, wengine tuna namba tu, kadi inakuja.