Namna ya Kuota Moto Bila Kugeuka Kuni

Ukiingia dukani ukaomba hita, muuzaji atakupa ule waya uliojikunja wa kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo. Usimlaumu. Kwa Watanzania wengi hita ni hiyo, na mtu anayelipia umeme ili apashe hewa joto ni kituko kwa ndugu zake wa Dar es Salaam, wanaolipia umeme huohuo ili waipoze.

Lakini wewe ni seremala wa Njombe. Karakana yako iko uani, mita tatu kwa nne, kuta za mabanzi, bati juu. Mwezi wa sita umeingia, na saa moja asubuhi ukishika randa ya chuma unahisi kama umempa mkono marehemu. Mwongozo huu ni wako, na umeandikwa na mtu aliyepitia kila kosa lililomo humu kwa gharama zake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Tafuta sababu yenye heshima

Usiseme unasikia baridi. Mama watoto atakuonyesha koti la mtumba lililoning'inia mlangoni, na mazungumzo yataishia hapo. Sema ni gundi.

Uzuri ni kwamba hutakuwa umesema uongo. Gundi nyeupe ya mbao ina maji ndani yake, na joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi haishiki sawasawa. Hukauka ikawa kama chaki, na kiti ulichokiunga asubuhi ya Julai kinaweza kumwangusha mteja Septemba, mbele ya wakwe zake. Vanishi nayo huchelewa kukauka mpaka nzi wapate muda wa kutua na kubaki. Kwa hiyo hutafuti joto kwa raha zako. Unalinda kiuno cha mteja.

Hatua ya pili: Anza na jiko la mkaa

Jiko la mkaa lina sifa zote. Tayari lipo nyumbani, halijui LUKU, na mkaa ukishakolea hautoi moshi. Fundi akiona hakuna moshi husema hakuna tabu. Basi liingize ndani, funga mlango, ziba dirisha kwa gunia.

Baada ya muda kichwa kitaanza kugonga, magoti yatalegea, tumbo litachafuka, kisha utajiwa na usingizi mtamu ambao hujawahi kuuonja. Mimi nilidhani ni uchovu wa kabati la milango mitatu. Aliyefungua mlango ni kijana wangu wa kazi, na hakuja kuniokoa; alikuja kudai posho ya wiki. Tangu siku ile sijawahi kulichukia deni.

Kilichokuwa kinanibembeleza kinaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na huing'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Pua haina habari nayo. Ndiyo hiyo inayoua watu waliolala na jiko chumbani, na asubuhi majirani wakagonga mlango bila kuitikiwa. Hapa sina utani: jiko la mkaa likae nje, hata kama nje ni Makambako na upepo wake.

Hatua ya tatu: Jaribu ulanzi

Wapo wazee watakaokuambia kwamba hita ya kweli hugemwa kwenye mianzi. Hii ina kasoro mbili. Ulanzi hutoka kwa wingi wakati wa mvua, yaani msimu wenyewe wa baridi ukifika, dawa inakuwa imeadimika. Pili, pombe hukufanya uhisi joto kwa sababu inaitoa damu ya moto ndani na kuileta karibu na ngozi, ambako baridi inaisubiri. Unajisikia motomoto huku mwili unapoa. Ukiongeza msumeno wa umeme hapo, kesho yake utahesabu vidole.

Hatua ya nne: Staarabika, nunua ya gesi

Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea hewa chafu ina faida kubwa: hukupa usiyoyaomba. Kila kilo ya gesi ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umemwaga zaidi ya lita 9 hewani. Yale mapaini uliyoyaanika miezi mitatu yakauke, sasa unayanywesha kwa pesa yako. Milango itavimba, patasi zitaota kutu, na mteja atakuuliza kama mbao ulizivua mtoni.

Tena gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujilaza sakafuni kama paka, ikisubiri cheche. Na hata isipovuja, moto huo unahitaji hewa safi, hivyo dirisha lazima uliache wazi kidogo. Sasa umenunua mtungi ili kupasha joto chumba ambacho dirisha lake liko wazi.

Hatua ya tano: Chagua inayong'aa

Dukani utaona hita yenye nyaya nyekundu zinazowaka kama jua la kuchwa, na pengine feni nyuma yake. Ni rahisi, ni nyepesi, na inavutia macho. Ipeleke karakanani, mahali ambapo hewa ni unga wa mbao.

Feni itauvuta unga ule na kuupitisha kwenye nyaya za moto. Mwanzoni utasikia harufu ya mbao iliyoungua, na utadhani jirani anachoma takataka. Unga laini wa mbao ukiwa umetapakaa hewani unaweza kulipuka. Hiyo si hadithi ya vijiweni, viwanda vya mbao duniani vinaijua. Ukitaka kuhakikisha mambo, paka vanishi siku hiyohiyo. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini kimyakimya mpaka uukute waya mwekundu. Kwa njia hii unaweza kumaliza kazi ya msasa na kazi ya maisha kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya sita: Usiharibu pesa kwa waya

Karakana iko uani, soketi iko sebuleni. Suluhisho ni ekstensheni, ile nyembamba iliyokwisha beba redio, chaja nne na friji. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, na waya mwembamba hauna kifua hicho. Ili usikukwaze miguuni, uzungushe kama kamba ya ng'ombe na uufunike kwa maranda. Sasa una hita mbili: moja uliyoinunua, na nyingine chini ya maranda.

Pembeni weka matambara yaliyolowa vanishi au mafuta ya kung'arishia mbao, yamefinyangwa vizuri kwenye kona. Hayo hayahitaji hata hita. Yanapokauka huzaa joto lao wenyewe, na yakirundikwa yanaweza kuwaka bila kiberiti. Fundi mwoga huyatandaza nje yakakauka au huyatumbukiza kwenye maji. Huyohuyo mwoga huweka ndoo ya mchanga mlangoni na huikariri namba ya Zimamoto, 114. Wewe umeshasikia kwamba dawa ya moto ni moto.

Hatua ya saba: Kutana na LUKU

Wati 2,000 kwa saa moja ni uniti 2. Saa tatu kila asubuhi ni uniti 6. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hita peke yake itakuwa imezimaliza zote siku ya kumi na tatu, kabla taa haijawaka wala pasi haijapata moto. Kuanzia hapo unanunua umeme kwa bei ya wakubwa.

"Baba watoto, LUKU inalia tena."

"Ni gundi, mama."

Jibu hili hufanya kazi mara mbili. Mara ya tatu chakula hupoa kabla hujaitwa.

Hatua ya nane: Kwa wale wasio na haraka ya kufa

Ipo hita moja isiyo na mbwembwe. Ina mapezi kama rejeta ya lori na mafuta yaliyofungiwa ndani, ambayo hayaungui wala hayaongezwi. Haina waya mwekundu, haina feni, haitoi hewa chafu. Tafuta yenye kidhibiti joto, inayojizima ikianguka, na yenye nembo ya ubora ya TBS. Kwa chumba chako wati 1,500 zinatosha. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani iliyofungwa na fundi umeme, iache mita moja pande zote, ifute vumbi kila siku, na uizime kabla hujafungua kopo la tina. Bei yake inazidi ya ile inayong'aa, na mgeni hataisifia.

Mimi niliinunua. Ilikaa karakanani wiki nzima ikifanya kazi kwa uaminifu, na nilibaki na baridi yangu. Siku ya nane nikainua macho, nikawaona shomoro wamejipanga kwenye kenchi chini ya bati, manyoya wameyatunisha, wamesinzia. Joto hupanda. Bati linazuia mvua. Joto halilizuii hata kidogo. Nilikuwa nawalipia ndege umeme.

Nikatoa vipande vya mbao vilivyobaki kazini, nikapiga silingi. Nyufa za mabanzi nikazifunika kwa papi. Gundi ikaanza kulala jikoni, na kazi ya kuunga nikaisogeza hadi saa tano, jua likiwa limeshapiga ukuta. Kazi ya siku mbili, gharama yake misumari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta ungekuwa nafuu. Mimi nilinunua hita.

Siku hizi iko sebuleni, imezimwa, waya umefungwa, na juu yake kuna kitambaa cha kufuma. Mgeni akiuliza ni kitu gani kile, mama watoto humjibu bila kunitazama: "Ile? Ni gundi."