Mkwe, Kadi na Pamba

Nilirudi kutoka kazini saa moja jioni, viatu vimejaa theluji, nikamkuta mama mkwe kwenye kochi na masweta yake mawili, kanga kiunoni, uso umemkunjuka kwa furaha. Salum, mjukuu wake wa miaka mitano, alikuwa kajibanza pembeni, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na kazi. Mwanao alikuwa keshaiharibu ile picha yako ya kabatini. Nimeisafisha."

Kabla sijauliza ni picha gani, pua yangu ilishapata jibu: chumba kizima kilinuka dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Lazima nieleze, maana hata mke wangu, aliyeishi nayo miaka mitatu, huiita "kale kakaratasi". Ni kadi ya Topps ya mwaka 1982, haizidi kiganja, yenye picha ya Ken Anderson, kotabeki wa Bengals, timu ya futiboli ya Kimarekani ya hapa Cincinnati: yule anayepokea mpira na kuamua, huku majitu yakimkimbilia, amrushie nani. Alicheza misimu 16, kuanzia 1971 hadi 1986, yote katika timu hiyo hiyo. Mwaka 1981 akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Msimu wa 1982 zaidi ya asilimia 70 ya pasi zake ziliwafikia wenzake, na rekodi hiyo ikakaa hadi 2009. Lakini vijana wa kazini kwangu wakianza kutaja makotabeki wakubwa, humsikii. Dhambi yake naijua. Januari 1982, kule Pontiac, Michigan, alifikisha pasi 25 kati ya 34 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, na bado 49ers wakaondoka na ushindi wa 26 kwa 21. Kocha wao alikuwa Bill Walsh, yule yule aliyemnoa Anderson alipokuwa chipukizi. Mimi ningelia hadi leo.

Nilimpenda kwa hayo, na kwa sababu nyingine ninayoionea haya: sahihi ya mtu asiyesifiwa ni rahisi. Nilitoa dola 40. Sahihi ya hao wanaotajwa kila siku ingekula kodi ya nyumba.

Basi mama aliitoa kwenye plastiki yake ngumu, akachovya pamba, akasugua. Wino wa buluu ukatoka. Ikatoka na milia ya bega la kushoto, pamoja na nusu ya kidevu.

"Kamechorachora juu ya mtu wa watu," alisema. "Nimekafinya kidogo."

"Bibi, si mimi!" Salum akaanza upya.

Sasa mtu aliyeoa Tanga aseme nini? Mkwe haambiwi "umeniharibia". Nikaipokea kadi kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, mama. Umejisumbua."

Mlangoni mwa jikoni, mke wangu alikuwa kajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakimtetemeka. Sikumwuliza kama ni kilio au kicheko.

Usiku akamweleza mama yake. Asubuhi chai ilinywewa kimya hadi mama alipoweka kikombe chini.

"Huyo mtu, yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Alifanya nini hata awekwe kabatini?"

Nikamsimulia mechi ya Januari 10, 1982, hapa hapa mjini: baridi ya nyuzi 23 chini ya sifuri, upepo juu yake, na Anderson akiurusha mpira. Bengals wakaishinda San Diego 27 kwa 7, ndipo wakaingia ile fainali. Mama, ambaye tangu atue hajatoka nje ila kwa kulazimishwa, akavuta sweta hadi shingoni.

"Kwa vidole hivi hivi vya binadamu? Halafu wakamsahau?" Akatikisa kichwa. "Niwie radhi, baba."

Akamwita Salum ampe kitumbua cha kumsuluhisha. Salum hakuitika. Tulimkuta chini ya meza ya sebuleni, kalamu ya wino mkononi, ulimi nje. Keshafinywa bure; aliona afadhali astahili. Pale palipokuwa na sahihi ya Anderson, sasa pana herufi tano zilizopanda mlima, S ya mwanzoni ikiangalia nyuma.

Mama akanyoosha mkono kuifuata chupa ya dawa. Nikamwahi.