Atta: Mambo Matano ya "Baba" wa Wagothi

Wagothi walikuwa watu wa Ulaya ya kale, na lugha yao imeshazimika. Baba walimwita atta. Kaa mkao wa kula, tunahesabu kutoka tano kushuka.

5. Ni neno la kitoto
Kilatini na Kigiriki cha kale vilikuwa na atta, Kituruki kina ata, sisi tuna baba. Hapa si lazima mtu awe amemwazima mwenzake. Mtoto hubwabwaja, mzazi aliye karibu huitika "abee!", na msamiati umeshapata neno jipya.

4. Limempokonya mkubwa kiti
Kigothi kilikuwa pia na fadar, ndugu wa Vater la Kijerumani. Katika maandishi yaliyobaki limeonekana mara moja tu, Wagalatia 4:6, kando ya Abba. Kwingineko kote ni atta. Neno la kudekea limeketi sebuleni, lenye ukoo mkubwa limebaki barazani!

3. Halitulii
Baba akiwa mtenda ni atta, akitendwa, attan, kitu kikiwa chake, attins, akipewa, attin, wakiwa wengi, attans. Brothar, swistar na dauhtar, yaani kaka, dada na binti, wana mnyambuliko wao; atta hafuati huo, anafuata ule wa guma, "mwanamume". Kwetu baba hatikisiki hata wakiwa kumi: wanaohangaika ni jirani zake, baba yangu, baba zetu.

2. Limezaa jina la kutisha
Attila, mfalme wa Wahunni aliyefariki mwaka 453, jina lake wengi hulieleza kwa Kigothi: atta na kidogoshi -ila, "baba kadogo". Usijaribu hesabu hiyo nyumbani: ukisema baba mdogo ataitika ndugu yake baba, na ukisema kibaba utaletewa kipimo cha mchele.

1. Atta unsar
Katika karne ya 4 Askofu Wulfila aliwatafsiria Wagothi Biblia. Nakala mashuhuri ya Injili zake, Codex Argenteus, imehifadhiwa Uppsala, Sweden: wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi ya zambarau. Humo sala ya Bwana inaanza Atta unsar, mwenye kumiliki akija nyuma, neno kwa neno kama Baba yetu. Sauti ya mtoto asiye na jino hata moja, ikaandikwa kwa madini ya wafalme.