Kopo la Kukhu

Kwa mama mkwe wangu hapa Likuyani, dawa haitupwi. Vidonge vinavyobaki huingia kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati ya vyombo: amoksilini ya kikohozi cha mjukuu, siprofloksasini ya tumbo la mzee, na vingine visivyo na mwenyewe. Mama mkwe huyu watoto humwita Kukhu, yaani nyanya, nasi tumefuata.

Wakati wa palizi ya mahindi, nyumba nzima ilishikwa na tumbo la kuendesha. Kukhu akateremsha kopo. Wakubwa walipewa vidonge viwili viwili vya rangi mbili. Kwa mtoto alifungua kimoja akamnyunyizia nusu ya unga kwenye uji. Vilivyopasuka akawakorogea kuku. Kesho yake tulikuwa wazima, na kopo likapata sifa isiyostahili: kuhara kwingi hukoma kwenyewe, na kinachoua watoto ni kuishiwa maji.

Utumboni mambo yalikuwa mengine. Humo huishi matrilioni ya bakteria, wengi wao wema. Antibayotiki huua walio dhaifu kwake, wema kwa wabaya, na walio sugu wakabaki na nafasi tele. Usugu wenyewe husafiri: kipande cha DNA kiitwacho plasmidi huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2010 ulionyesha kwamba usugu unaofuata matibabu ya antibayotiki huweza kudumu hadi miezi 12.

Kabla ya mavuno, wifi yangu akaanza kukojoa kwa maumivu. E. koli, bakteria wanaoongoza kuleta ugonjwa huo, kwa kawaida hutoka utumboni mwa mgonjwa mwenyewe. Alimeza vya kopo, homa ikapanda, tukamkimbiza Eldoret. Mkojo ulipooteshwa, mtu wa maabara alituonyesha kisahani: bakteria wametanda kote, na juu yao vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa. Dawa inayofaa huacha duara safi kukizunguka kipande chake. Kwa siprofloksasini, utando ulifika hadi kwenye karatasi.

Hakuna daktari atakayeapa kwamba ni kopo. Mimi nalishuku sana.

Naitrofurantoini ilimponya. Kukhu alisikiliza yote, kisha akauliza, “Sasa mtoto akiendesha usiku, nimpe nini, mwanangu?” Swali la haki, maana usiku zahanati imefungwa. Tulimnunulia ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, vya siku 10 hadi 14. Vya kopo tulivirudisha hospitali viteketezwe. Vikitupwa chooni, bakteria wa huko nao watavizoea.