Jozi Mbili za Namba 8

Mtu aliyezoea joto la Temeke haiamini baridi ya Dodoma mpaka imwamshe alfajiri ya mwezi wa Julai. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia upepo huvuma kutwa na vumbi lake. Familia nyingi zilizofuata ofisi baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku zilifika na masanduku ya nguo za pwani, yetu ikiwemo. Kwa hiyo wifi yangu alipotangaza, hapa kwetu Area D, kwamba atamfumia kijana wetu wa darasa la tano sweta la shule kwa mkono wake mwenyewe, nyumba nzima ilishukuru.

Wifi ni mwalimu mstaafu. Kufuma alikupata shuleni, katika vipindi vya Sayansikimu, na hajawahi kukuacha. Pateni yake imo katika kijitabu cha Uingereza ambacho kurasa zake zimeshakuwa za njano. Lugha ya vijitabu hivyo ina utaratibu wake: ukubwa wa kwanza unaandikwa wazi, na mwingine wote unafuatia ndani ya mabano, namba kwa namba, tangu pindo mpaka kola. Wifi huchukua penseli na kuzungushia duara namba ya mtoto anayemfumia, kila inapotokea, kabla hajagusa uzi. Kifua cha kijana kilikuwa sentimita 72. Pateni ikasema sweta liwe 80 ili apate nafasi ya kupumua na kuvaa shati ndani. Basi mgongo sentimita 40, kifua sentimita 40.

Uzi wa bluu ulinunuliwa soko la Majengo. Sindano zilikuwa mpya, zimeletwa na mwanawe anayeishi Marekani, maana za zamani moja ilipotea wakati wa kuhama na jozi ikavunjika. Pateni ilitaka namba 8, na sindano zilichongwa 8.

Kazi ilianza kwa vitanzi 78. Binti yetu wa kidato cha pili aliuliza kwa nini 78 na si 80, na wifi akaacha kufuma ili amjibu vizuri, jambo ninalompendea. Pindo hufumwa viwili vya mbele, viwili vya nyuma, kwa hiyo kila fungu ni vitanzi 4. Mafungu 19 ni 76. Vile 2 vya ziada vinafanya mstari uanze na kuishia kwa vya mbele. Mshono wa ubavuni unapomeza kitanzi kimoja kila upande, vinabaki viwili, na mistari ya pindo inazunguka mwili bila kukatika.

Mtihani ulikuja pindo lilipokwisha. Pateni iliagiza: ongeza vitanzi 10 kwa usawa, upate 88. Hapo binti aligawa 78 kwa 10, akapata 7.8, akasema haiwezekani kufuma vitanzi saba na vipande nane vya kumi. Bibi alishauri waongeze vyote pembeni, mambo yaishe. Wifi alikataa, kwa sababu sweta lingetokeza mabawa.

Aliyeitatua ni Babu, aliyekuja kutoka Mvumi kututembelea na alikuwa akinywa uji wa uwele kimya kimya. "Mjukuu wangu," alisema, "ukisimamisha nguzo kumi kati ya pembe mbili za tembe, mapengo ni mangapi?" Binti alichora kwenye daftari, akahesabu: 11. Basi 78 igawanywe kwa 11, si kwa 10. Inatoka 7 na kubaki 1. Fuma vitanzi 7, ongeza kimoja, mara 10, kisha malizia na 8 vilivyobaki. Saba mara kumi ni 70, na 8 ni 78. Babu hajawahi kushika sindano ya kufumia, lakini amejenga tembe.

Baada ya hapo hesabu haikukosewa hata mara moja. Nalisema hili kwa sababu baadaye kulikuwa na watu waliotaka kumlaumu wifi. Kila mwisho wa mstari alihesabu 88. Mikono aliianza kwa vitanzi 40, akaongeza kimoja kila upande kila baada ya mistari 8, mara 12, akafika 64 kama ilivyoandikwa. Mabonge ya uzi yaliisha mapema kuliko pateni ilivyosema, tukaagiza mengine Majengo. Hiyo ilikuwa dalili, ila sote tulidhani mabonge ya siku hizi ni madogo.

Sweta liliposhonwa, kijana alilivaa mbele yetu sote. Mabega yalimteremkia mpaka katikati ya mikono. Mikono yenyewe ilifunika vidole. Bibi alishika kiuno chake akakuta kitambaa cha kumtosha mtoto wa pili. Wifi hakusema neno. Alilaza sweta mezani, akahesabu vitanzi vya mgongo: 88. Akahesabu tena.

Binti ndiye aliyeleta rula, akapima sentimita 10 katikati ya mgongo. Pateni ilidai ndani ya sentimita hizo pawe na vitanzi 22 na mistari 30. Palikuwa na 18 na 24. Mengine yalijieleza: vitanzi 88, vikikaa 18 kila sentimita 10, ni karibu sentimita 49, na pande mbili zinakaribia 98. Mistari 96 ya mkono, badala ya sentimita 32, ilikuwa imezaa 40.

Lakini kwa nini? Wifi alifungua kopo lake akatoa sindano ya zamani iliyobaki bila mwenzake. Nayo imechongwa 8. Akaiweka kando ya ile ya Marekani, na hata Babu aliona bila miwani kuwa moja ni nene. Mume wangu alitoa vernia kwenye sanduku la vifaa. Ya zamani ilisoma milimita 4. Mpya, milimita 5.

Namba za zamani za Uingereza hupanda sindano inapozidi kuwa nyembamba. Za Marekani hupanda inapozidi kuwa nene. Japani wana namba zao pia, na 8 yao ni milimita 4.5. Ndiyo maana naona kipande cha kujaribia kina haki ya kufumwa hata na fundi wa miaka mingi: 88 ya kwenye pateni ni hesabu ya uzi na sindano za aliyeiandika. Ya kwako unaipata kwa rula, juu ya uzi wako.

Sweta lilifumuliwa jioni ileile. Uzi ukaoshwa, ukaanikwa unyooke. Wifi aliamua kubaki na sindano za milimita 5, akapiga hesabu upya: sentimita 40, kwa vitanzi 18 kila 10, ni 72. Pindo 62, yaani mafungu 15 na viwili vya ziada. Kuongeza 10 kukaleta tena mapengo 11, manne ya vitanzi 5 na saba ya vitanzi 6, na safari hii binti aliyapanga mwenyewe. Kandokando ya kila duara la penseli wifi aliandika namba mpya, na juu ya ukurasa akaandika milimita.

Habari ilitoka nje ya uzio. Jirani yetu mzaliwa wa Njombe, ambako baridi si ya kusimuliwa, alileta sindano za marehemu mama yake zisizo na namba yoyote. Binti alizipima: milimita 4.5. Jirani akauliza sasa sweta la mumewe aanze na vitanzi vingapi.

"Nenda kafume kipande kwanza, mdogo wangu," wifi alimwambia. "Ukirudi nacho tutahesabu."