Vidole Vidogo, Hasara Kubwa

Wataalamu wa malezi wanatuhimiza tuvifanyishe kazi vidole vya mtoto mapema. Abane, amimine, atunge shanga, akate kwa mkasi, ili akianza shule asikamate penseli kama mwiko wa ugali. Sina ubishi nao. Ombi langu ni moja tu: waje wakae nasi wiki moja hapa Gurei, magharibi ya Juba, kwenye nyumba ambayo vidole hivyo vimeshaanza kazi.

Video za mazoezi hunitumia dada yangu aliye Nairobi. Humo utamwona mtoto msafi kwenye zulia jeupe, anahamisha vipira vya sufi kutoka bakuli hadi bakuli kwa kikoleo cha mbao. Hamwagi, halii, hatii kitu mdomoni. Sisi vipira hatuna, tukatumia maharagwe na koleo la makaa lililosuguliwa likang'aa. Mwanangu wa miaka minne akayatazama maharagwe, akalitazama koleo, akaliweka pembeni kwa adabu. Kisha akaokota haragwe moja kwa kidole gumba na cha shahada, akalichomeka puani. Kuokota kwa ncha za vidole viwili namna hiyo watoto wengi huweza kabla hawajatimiza mwaka. Wangu amefikia kiwango cha juu.

Haragwe la puani halingoji kesho, kwa sababu likipata unyevu huvimba. Baba yake alikuja na njiti ya kiberiti, nikamfukuza nayo, maana kuchokonoa ni kulisukuma ndani. Kwenye zahanati, nesi akaniambia nifunike mdomo wa mtoto kwa mdomo wangu, nizibe tundu la pua lililo wazi, nipulize mara moja kwa nguvu. Nikapuliza. Haragwe likatoka kwa kasi, likatua juu ya daftari la wagonjwa, palepale panapoandikwa jina. Mtoto akapiga makofi, akauliza kama tunarudia.

Tukahamia kumimina maji. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kazi halisi za nyumbani: kumimina, kufagia, kufunga vifungo. Mama mwenye akili sana, ila sidhani kama alikuwa ananunua maji kwa pipa kutoka kwenye lori. Mtoto wa Gurei akimimina pembeni, inayomwagika ni hela. Mwanangu alijaza kikombe vizuri kabisa, akajaza na cha pili. Halafu akavijaza viatu vya baba yake, bila kudondosha hata tone nje ya kiatu.

Vibanio vya nguo navyo vinasifiwa sana, kwa kuwa kila kibanio kinampa mtoto nguvu ya vidole. Nguvu aliipata. Mchana ule mbuzi wa jirani alikatiza mtaa mzima akiwa na kibanio cha bluu kwenye kila sikio, watu wakadhani shirika fulani limeanza kusajili mifugo. Mzee mmoja alikuja kuuliza kama na wake wataandikishwa.

Lakini siku ya mkasi ndiyo iliyotutia adabu. Kukata kwa kufuata mstari ni kazi ngumu kwa umri huo, na kwenye karatasi tulizomchorea alikuwa anapotea njia kila mara. Noti za paundi ya Sudan Kusini, tangu zilipoanza kutumika Julai 2011, zina sura ya Dkt. John Garang. Mwanangu akaipata noti ya elfu moja juu ya meza, akamkata Dkt. Garang kuzunguka kichwa, taratibu, ulimi nje, bila kugusa hata sikio. Kazi safi mno. Baba yake hakujua ampongeze au amchape. Tukaipeleka noti dukani. Muuza duka alituangalia, akaangalia kile kitundu, akatuambia kwamba yeye huwa anakataa hata zile zilizochanika kidogo.

Aliyetuokoa ni jirani, mama wa Kibari aliyeishi ukimbizini Uganda akarudi na Kiswahili chake. Yeye hushona milaya, zile shuka za maua na ndege wa nyuzi ambazo akina mama wa hapa hutandika mgeni wa heshima akija. Alimtazama mwanangu kidogo, akasema, "Mama, huyu mchezo hataki. Anataka kazi." Akampa fungu la mboga ya kudra achambue majani, kisha ushanga mkubwa na kamba ya kiatu atunge. Mtoto akatulia, nikasikia jinsi nyumba yetu inavyokuwa kimya. Mwishowe akapewa sindano butu na kipande cha kitambaa. Alishona kwa bidii, mshono baada ya mshono, na alipoinuka kitambaa kikainuka naye, kimeshonewa kwenye kaptura. Jirani akakagua nyuzi, akasema mshono ni imara, asifumue mtu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usihangaike na vifaa vya kwenye video. Mpe mboga achambue, vifungo vya shati afunge, unga aukande pamoja nawe, na ukae naye hapohapo. Ushanga uwe mkubwa kuliko tundu la pua. Karanga nzima zingoje apite miaka mitano, kwani huweza kumpalia. Betri zile ndogo za duara zifiche kabisa, maana akiimeza moja huo si mchezo tena, ni kukimbia hospitali. Na hela, tafadhali, iweke juu ya kabati.